Gitaa Lisilobembeleza

Je, msanii ana wajibu wa kutubembeleza? Swali hili ni la zamani, na wakubwa wamelijibu vitabuni kwa maneno mazito, lakini mimi naomba nilijadili kwa kupitia gitaa. Tena si gitaa la hapa kwetu. Ni gitaa la Mwingereza mmoja aliyeitwa Andy Gill, aliyezaliwa Manchester tarehe 1 Januari 1956 na kufariki London tarehe 1 Februari 2020, akiwa na miaka 64. Bendi yake iliitwa Gang of Four, jina lililochukuliwa kwa wale viongozi wanne wa China waliokamatwa mwaka 1976, muda mfupi baada ya kifo cha Mao. Najua kuna watakaosema, huyu kijana wa Temeke haya kayatoa wapi? Nimeyatoa kwenye simu ya rafiki yangu, kwa spika za masikioni tulizogawana, yeye sikio la kulia, mimi la kushoto. Tuendelee.

Kwa sikio lililolelewa na muziki wa dansi, gitaa hili linaudhi. Sisi tumezoea magitaa yanayoongea. Solo linauliza, ridhimu linaitikia, na besi iko chini inawasindikiza wote. Hakuna nafasi inayobaki tupu, na ikibaki, tarumbeta inaijaza. Msikilize marehemu Mbaraka Mwinshehe: gitaa lake linakushika mkono toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, utadhani mjomba anakuvusha barabara. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Septemba ya mwaka huo huo, kule Uingereza, Gang of Four walitoa albamu yao ya kwanza, *Entertainment!* Mambo haya mawili hayahusiani kabisa. Nayataja pamoja kwa sababu sikio langu ni moja, na yote mawili yanakaa humo humo.

Sasa Gill anafanya nini? Kwa kifupi, hacharazi, anakata. Mkono wa kulia unapanda na kushuka haraka haraka kama wa mama anayekata mchicha, huku wa kushoto ukibana nyuzi na kuziachia kidogo tu, kiasi cha sauti kuzaliwa na kufa papo hapo. Unachosikia ni chaka! Kimya. Chaka-chaka! Kimya tena. Mpigaji wa kawaida akigonga kodi yake huiacha ielee hewani, iishe yenyewe taratibu. Huyu haiachi. Anaiua ikiwa bado changa. Matokeo yake gitaa linakuwa ngoma, ngoma ya bati, na wimbo wenyewe hana haja nao. Wimbo kamwachia mwenzake wa besi, Dave Allen (naye kafariki, 2025).

Mwalimu wake mmoja anajulikana. Ni Wilko Johnson wa bendi ya Dr. Feelgood, watu wa Canvey Island, pale Mto Thames unapokaribia baharini. Wilko alipiga ridhimu na solo kwa mkono mmoja, kwa mpigo mmoja, akienda mbele na nyuma jukwaani kama mtu aliyechokozwa. Gill alichukua ule ukali, akaongeza kitu kutoka kwa Wajamaika. Wale wapenzi wa dabu mnajua: fundi mitambo anashusha gitaa mpaka linapotea, zinabaki ngoma na besi peke yake, halafu linarudi ghafla wakati umeshalisahau. Gill alifanya hivyo hivyo, ila kwa mkono wake mwenyewe, bila kumsubiri fundi.

Halafu kuna jambo la amplifaya, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo mlipo mzizi wa swali langu. Wapiga gitaa la rock wa enzi zile waliabudu amplifaya za valvu, zile taa za kioo kama zilizokuwemo kwenye redio za mababu. Valvu ikizidiwa na umeme haivunji sauti kwa kishindo. Inaikunja pole pole na kuiviringa, sauti inatoka na joto, na mafuta mafuta. Transista ni kinyume. Ikizidiwa, inakata kama wembe. Sauti inabaki kavu na baridi, haina pa kujificha. Gill alipenda transista. Haikuwa shida ya fedha wala kukosa kujua. Aliutaka ule ukavu, wakati wenzake walikuwa wakilipa pesa nyingi kuukimbia.

Na pale ambapo kila mtu anatarajia solo, yaani ule muda mwimbaji anasogea pembeni na mpiga gitaa anafumba macho, Gill alikuwa anaacha kupiga. Anaacha tu! Besi na ngoma zinaendelea, na katikati kuna shimo lenye umbo la shujaa, lakini shujaa mwenyewe hayupo.

Swali: mtu anafanyaje hivyo? Kwa nini ujifunze gitaa miaka yote hiyo, usimame mbele ya watu waliolipa kiingilio, halafu uwanyime?

Jibu la kwanza, ambalo mashabiki wake hupenda kulitoa, ni la usawa. Gill na mwimbaji Jon King walisoma sanaa Chuo Kikuu cha Leeds, katika idara iliyokuwa ikijadili Karl Marx kama sisi tunavyojadili Simba na Yanga. Nje ya chuo, Leeds ya miaka ile ilikuwa na wazungu wabaguzi wa National Front wakiandamana na kupiga watu, na bendi hizi changa zilipiga kwenye matamasha ya kupinga ubaguzi. Kwa hiyo kijana wa namna hiyo akishika gitaa, anajiuliza: kwa nini mmoja awe bwana na wengine watumishi? Kwa nini Hugo Burnham atwange ngoma jioni nzima ili mimi ning'ae? Bendi ikawa kama kikao ambacho kila mjumbe anapewa dakika zake, na mwenyekiti hana za ziada. Wana hata wimbo, "Not Great Men", wenye hoja kwamba historia haitengenezwi na watu wakubwa peke yao, na gitaa lililomo humo linatimiza kile maneno yanachosema. Linakuja, linafanya kazi yake, linaondoka.

Jibu zuri. Lakini mimi halinitoshi, na nitasema kwa nini. Kunyamaza si lazima kuwe unyenyekevu. Nyote mna mjomba mmoja ambaye kwenye kikao cha harusi haongei. Watu wote wanaongea, yeye kakaa na kofia yake. Je, yeye ndiye mnyonge pale? Thubutu! Kila anayeongea anamwangalia yeye kwa jicho la pembeni, na akikohoa, nyumba nzima inatulia. Gitaa la Gill liko hivyo. Kwa kuwa linanyamaza, likipiga unaruka. Yule anayejaza kila nafasi unaweza ukamsahau ukaendelea kuosha vyombo, lakini huyu hakusahauliki. Sasa nani kajipa ukubwa zaidi? Na tazameni kichekesho chake: mtu aliyecheza kwenye wimbo wa kukataa watu wakubwa, leo mimi huku Dar es Salaam namwandikia kurasa kadhaa kama mtu mkubwa.

Kwa hiyo tuliache la usawa, lina ukweli nusu. Jibu la pili naliamini zaidi, nalo linahusu uongo.

Nyimbo za Gang of Four zinauliza habari ya vitu tunavyoviona vya kawaida: mapenzi, likizo, televisheni, matembezi ya jioni ya Jumamosi. Zinasema humo mote mna biashara ndani yake. Katika "Damaged Goods", wa mwaka 1978, wapenzi wanaachana kwa lugha ya duka, kama watu wanaorudishiana bidhaa mbovu kaunta. Katika "Ether" sauti mbili zinapishana, moja iko kwenye ndoto za maisha mazuri, nyingine inakumbusha mateso ya wafungwa wa Ireland ya Kaskazini. Na jalada la *Entertainment!* lina picha za Mhindi Mwekundu na mzungu wakishikana mikono. Maandishi yanaeleza kwamba mmoja anatabasamu akidhani kapata rafiki, na mwenzake anatabasamu kwa sababu kapata wa kumnyonya. Hebu sasa weka juu ya mambo hayo gitaa tamu la valvu, lenye joto, linaloelea. Si utakuwa umesema uongo? Maneno yanasema amka, sauti inasema lala mwanangu.

Uongo wa namna hii haumo kwenye sentensi yoyote. Kila sentensi inaweza kuwa ya kweli na bado kitu kizima kikadanganya, kwa sababu ya mlio wake. Mimi nadhani sisi tunaojaribu kuandika tungelifikiria hilo kabla ya jambo lingine lolote. Na hapa ndipo linaponigusa.

Nina muswada. Wengi mnaosoma ukurasa huu mnao wenu, chini ya godoro au kwenye simu. Wangu ni riwaya ya msichana wa kazi za ndani aliyetoka Singida, na katika sura ya saba anakatwa mshahara wa miezi miwili kwa sababu ya sufuria. Nilimpa mhariri mmoja asome, simtaji, ni mtu mwema na aliisoma yote. Akaniambia: "Kijana, una jicho. Lakini hii haina utamu. Msomaji ana shida zake, usimwongezee. Sura ya saba mpe huyo binti jirani mwema, au barua kutoka nyumbani, kitu cha kumfuta machozi."

Nimelifikiria neno lake kwa haki, maana si neno la kipuuzi. Shangazi yangu anauza vitumbua. Anaamka saa tisa za usiku, jioni anarudi miguu imevimba, anafungua redio anaweka taarabu, anafumba macho. Ile dakika ni yake. Nani wa kumwendea pale na kumwambia, shangazi, burudani hiyo ni biashara, hebu sikiliza ukavu huu? Gill na wenzake walikuwa na chuo kikuu nyuma yao, na wasikilizaji wao wengi walikuwa wanafunzi. Mtu aliyeshiba ndiye mwenye nafasi ya kukataa sukari. Sisi tulioishia kidato cha nne tunaijua hasira ya kufundishwa unyonge wetu na watu wasiokuwa nao. Kwa hiyo nikajiuliza kwa uchungu kweli: sura yangu ya saba ni ukweli, au ni ukatili wa kijana anayetaka aonekane mkali?

Siku moja nilimsikilizisha shangazi "Natural's Not in It", bila spika za masikioni. Akakunja uso. Akasema, "Gitaa hili lina njaa." Akaendelea kulalamika mpaka wimbo ukaisha. Lakini chini ya meza, ndugu zangu, mguu wake ule uliovimba ulikuwa unagonga sakafu. Hakujua. Nami sikumwambia.

Hapo nikaona kwamba mhariri wangu na mashabiki wa Gill wanakosea kitu kile kile. Wote wanadhani kutobembeleza ni kunyima raha. Si kweli. Gang of Four ni muziki wa kucheza! Wale wa Leeds walisikiliza fanki ya watu weusi wa Marekani, na ukiyatoa maneno yao makali, kinachobaki ni mdundo ambao makalio hayaukatai. Gill alitunyima kubembelezwa tu. Raha aliihamisha, akaitoa kwenye moyo akaipeleka miguuni, na akaiacha akili macho, ishike zamu.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili kuliko Kiingereza chao. Sisi hatusemi utamu ni sukari peke yake. Mchuzi wa samaki uliokolea chumvi na ndimu ni mtamu. Muhogo wa kuchoma na pilipili ni mtamu. Hata hadithi ya kutisha, bibi anapoisimulia, tunasema tamu. Kwa hiyo mhariri aliponiambia sura haina utamu, swali sahihi lilikuwa: utamu upi? Kama alimaanisha pipi, hiyo sitatia. Kama alimaanisha sentensi zangu hazina mdundo, msomaji anasukumwa ukurasa hadi ukurasa kama mkokoteni kwenye mchanga, hapo ana haki, na kazi ni yangu. Ukavu peke yake si ukweli. Kuna waandishi wengi wakavu ambao ni waongo, na wengine ni wachoshi tu.

Naomba niseme kidogo kuhusu "Anthrax", wimbo wa mwisho katika albamu ile. Unaanza na ule mlio unaotoboa masikio MC wa harusi anaposogeza maiki karibu na spika. Kila fundi mitambo hapa mjini angekimbia kuuzima. Gill anaucha uendelee, anaupandisha, anaushusha, unalia kama mnyama, na ni muda mrefu kabla mtu hajaimba. Kisha sauti mbili kwa wakati mmoja, kila moja kwenye spika yake. King anaimba habari ya mapenzi kama ugonjwa unaoua ng'ombe. Gill, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya kikao, anaeleza kwa nini bendi nyingi huimba mapenzi na kwa nini wao wana mashaka nayo. Huwezi kuwasikiliza wote wawili. Ukimfuata mmoja unampoteza mwingine. Rafiki yangu na mimi, kwa vile tuligawana spika, tulisikia nyimbo mbili tofauti siku ile ya kwanza. Tukabishana mpaka tukafika kituoni kwamba wimbo unahusu nini, yeye na habari zake, mimi na zangu.

Sasa msije mkadhani nawauzia mtakatifu. Watu waliokuwa wakiimba kwamba kila kitu ni bidhaa walisaini mkataba na EMI, kampuni kubwa kabisa, wakati wenzao wengi wa rika lile walibaki na kampuni ndogo ndogo. Mwaka 1979 walialikwa kwenye *Top of the Pops*, kipindi cha BBC ambacho kikikuonyesha, nchi nzima inakujua. Wakaambiwa wabadili neno moja katika "At Home He's a Tourist", neno la mtaani la kondomu. Walikubali kubadili, ila si kwa neno ambalo BBC ililitaka, wakaondoka bila kupiga. Mwaka 1982 wimbo wao "I Love a Man in a Uniform" uliondolewa redioni BBC, kwa kuwa Uingereza ilikuwa vitani Falklands. Hadi hapo unaweza kuwapigia makofi. Lakini mwaka 2006, "Natural's Not in It", wimbo unaoitilia shaka starehe yenyewe, ulifungua filamu ya *Marie Antoinette*, malkia wa Ufaransa na keki zake, na miaka michache baadaye ukatumika kwenye tangazo la Microsoft la kuuzia Kinect, chombo cha kuchezea michezo ya video. Ukasaidia kuuza starehe. Msanii naye anakula, ndiyo, najua, na mimi ningepigiwa simu hiyo sijui kama ningekata.

Lakini kuna jambo. Tangazo lilichukua wimbo, na gitaa likabaki lile lile. Halikulainika. Maneno unaweza kuyageuza, mkataba unaweza kuusaini na kuufuta, ila ule mkato wa mkono uliokwisha rekodiwa hauna namna ya kuubembelezesha. Vijana wa Red Hot Chili Peppers waliusikia huo, wakamtafuta Gill atengeneze albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1984, wakazozana naye studio nzima. Mwaka 2020 Run the Jewels, marapa wa Marekani, waliuchukua "Ether" wakautia kwenye wimbo wao "the ground below". Miaka zaidi ya arobaini imepita toka urekodiwe, na bado unakata.

Muswada wangu nimeurudia. Jirani mwema sikumtia. Barua kutoka Singida nayo hapana. Nilichofanya ni kukaa na sura ya saba wiki tatu, nikaisoma kwa sauti, na kila sentensi iliyokuwa ikimhurumia binti kwa niaba ya msomaji niliifuta, zilikuwa kumi na moja. Pale mama mwenye nyumba anapohesabu noti mbele yake na kuzirudisha nusu kwenye pochi, mwanzo nilikuwa nimeandika aya nzima ya machozi. Sasa pana sauti ya zipu ya pochi, kisha binti anauliza chakula cha jioni kipikwe nini. Kesho nampelekea mhariri.